Kona ya Bi Hafswa

Mjambere, Kisauni
9 Machi 2025

Mdogo wangu Kai,

Nakusalimu, na Baba anakusalimu, na binti yangu Judy amesema niandike kwamba yeye anakusalimu mara mbili, kwa sababu barua iliyopita nilimsahau. Sisi ni wazima. Goti la Baba la kushoto humsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Judy yuko kidato cha pili na ameshanipita kimo. Sare za shule za Januari nilizimaliza zote, hakuna mzazi aliyerudi kulalamika ila mmoja, na huyo mtoto wake ndiye aliyenenepa. Huu ni mwezi wa Ramadhani, na jirani yetu Bi Hafswa hutuletea sahani ya futari kila magharibi kama kawaida yake, ingawa anajua sisi mchana tumekula.

Naandika kwa kalamu kwa sababu huko kambini kwenu simu haishiki, na hata ingeshika, jambo hili si la kuelezwa kwa simu. Barua nampa kondakta wa basi la Isiolo, yeye atampa dereva wa lori lenu la saruji, kama ulivyoagiza.

Kiwanja tunachopanga kimeuzwa. Mwenyewe alikuja na heshima zake, akaketi, akanywa chai, kisha akasema tuwe tumehama mwisho wa Julai. Shangazi Dhahabu ametupa mahali kiwanjani kwake, Bofu, kule Likoni. Vyombo havinisumbui. Kinachonisumbua ni basi la Baba. Unajua tangu Baba aache kuendesha mwaka 2017 tulitoa viti, nusu ya mbele ikawa chumba chake na nusu ya nyuma ikawa duka langu la cherehani. Tukiliacha tumeacha nyumba na kazi kwa pamoja. Injini ni nzima. Kila Jumamosi Baba huiwasha, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri. Lakini kutoka uani hadi barabarani lazima lipite kona ya Bi Hafswa, na kona ile ndipo Baba alipoubomoa ukuta wake siku ile, akashuka, akawaachia wengine waliingize basi juu ya kifusi, na hakushika usukani tena.

Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja. Alilizunguka basi akilichora mistari ya chaki, mahali pa kukata kwa gesi, vipande vinne. Baba akamwambia, "Nichore na mimi hapa kifuani, maana nitakuwa ndani."

Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa utingo wake miaka mitano. Usukani ni mzito ajabu. Mimi na Judy tuliushika pamoja, haukusogea hata upana wa kiganja. Fundi Matthew anasema ni tairi za mbele, kwamba ni pana kuliko za gari hili. Tairi inaweza kuufanya usukani uwe mzito hivyo? Na kona yenyewe, itapitika? Miaka kumi na moja basi hili liliipita asubuhi na jioni, kwa mzunguko mmoja, bila kurudi nyuma.

Miaka minane hujaja hata Krismasi. Hilo siliulizi leo.

Dada yako,
Nyamvula


Kambi ya barabara, Marsabit
30 Machi 2025

Dada Nyamvula,

Shikamoo kwako, na shikamoo kubwa zaidi kwa Baba. Mwambie Judy salamu zake mbili zimefika zote, hakuna iliyodondoka njiani. Mwambie Bi Hafswa namtakia Idd njema, ingawa barua itafika Idd imeshapita.

Mimi nipo. Mwili umechoka lakini haujavunjika. Siku hizi tunapanga mawe kwenye kuta za mtaro, jiwe moja moja, na upepo wa huku unatia mchanga mpaka ndani ya ugali. Kalamu naishika kama sululu. Shule niliiachia darasa la saba, ukikuta neno limekaa vibaya lisukume kando uendelee.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikaenda kujaribu. Hapa kuna matoroli mawili ya kubebea mawe, moja tairi yake imejaa hewa, jingine imelegea. Niliyapakia mawe sawasawa, nikasimama pale pale nikajaribu kuyageuza. Lenye hewa liligeuka. Jingine lilinigeuza mimi. Wenzangu walicheka, wakaniuliza kama nimeanza kuzungumza na matoroli.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, tairi inaweza. Gari likiwa limesimama, ukikata usukani tairi haibingiriki, inajisugua chini. Tairi nyembamba yenye hewa inagusa ardhi kwa kisigino. Tairi pana inagusa kwa unyayo mzima. Na hata ile nyembamba, hewa ikipungua, inakuwa unyayo. Unaweza kupima mwenyewe. Chukua karatasi, iingize chini ya tairi kwa mbele mpaka ikwame, weka alama. Ingiza nyingine kwa nyuma mpaka ikwame, weka alama. Katikati ya alama mbili ndio unyayo. Jazeni hewa mpime tena, mtaona umepungua.

Pili, msikate usukani basi likiwa limesimama. Liacheni lisogee hata mwendo wa kobe, tairi ikibingirika haibishani sana. Tatu, ondoeni uzito mbele. Kama Baba bado ana lile pipa la maji nyuma ya kiti cha dereva, pipa lile linakaa juu ya magurudumu ya mbele, ni kama mtu mnene amekukalia mguuni halafu unaambiwa ugeuke.

Nne, mwulize Matthew kama anaweza kupata pawa ya usukani. Ni pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, inasukuma mafuta, na mafuta yanausaidia mkono wa dereva. Basi letu halikuwahi kuwa nayo. Magari ya siku hizi yote yanayo.

Swali lako la kona sina jibu lake. Ukuta sijauona tangu ujengwe upya.

Baba huizungumzia siku ile? Kama haizungumzii usimwulize.

Mimi ndugu yako,
Kai Mramba


Mjambere
27 Aprili 2025

Kai,

Nyumbani salama. Judy alikuwa na homa siku tatu, ikapita. Mvua zimeanza na paa la basi linavuja pale pale juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo nakata vitambaa nikiwa nimefungua mwavuli. Wateja wanasema duka langu lina mandhari.

Tulipima unyayo kama ulivyosema. Judy alilala chini na karatasi, Baba akiwa juu kitandani akijifanya hasikii. Tairi ya kulia kabla ya hewa, unyayo ulikuwa mrefu kuliko kitabu chake cha jiografia. Baada ya hewa ulikuwa mfupi kuliko kitabu. Hapo Baba akatoa kichwa dirishani akauliza, "Na ya kushoto je?" Tukapima na ya kushoto. Kisha akahamisha pipa mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Usukani sasa unasogea. Lakini bado ni kazi ya watu wawili wanaokunja nyuso.

Matthew amepata pawa. Imetoka kwenye lori la Kijapani lililogongwa, huko Chaani kwenye yadi ya magari mabovu. Itabidi atengeneze mahali pa kuifungia, achomelee, abadilishe mkono wa usukani. Anasema wiki nne, na wewe unajua wiki za mafundi.

Ulisema nisimwulize Baba kuhusu siku ile. Mtu akiniambia nisiulize, nauliza. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa. Alinijibu bila kuona uzito. Akasema, "Gari halikubadilika, Nyamvula. Ni mimi. Nilikata kona ile ile, kwa kipimo kile kile, nikavuta usukani mpaka mwisho, na mwisho ukaja upesi. Usukani ulikuwa mzito tangu mchana, nikajua mikono imeniaga. Mtu akiagwa haendi kugonga mlango tena."

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, Kai. Tangu siku hiyo hata ndoo ya maji Judy ndiye anayembebea, na anakubali.

Nina swali. "Mwisho ukaja upesi" ni kusema nini? Usukani una mwisho?

Nyamvula


Kambini
18 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Pole kwa Judy. Mimi kidole gumba kilibanwa na jiwe, ukucha umekwenda, ndiyo maana maneno ni machache.

Huku kuna boza, lori la kubebea maji, dereva wake ni mzee mmoja wa Kaloleni anaitwa Munga, mtu wa kwetu. Jumapili aliniruhusu nikae kwenye usukani wake. Nilikata kona boza likiwa limesimama, kwa mkono mmoja, huu wenye kidole kibovu. Kisha akazima injini akasema nijaribu tena. Sikuweza. Akaniambia, "Unaona? Pawa ni msaidizi wa mkono. Si msaidizi wa kona. Gari lisilopita mahali, ukiliwekea pawa, litashindwa kupita kwa raha."

Nilimwuliza kitu kingine pia, akanijibu, na sijalala vizuri tangu aniambie.

Swali lako ni zuri. Ndiyo, usukani una mwisho. Nitakueleza siku nyingine, kidole kinauma.

Mwache Matthew aendelee.

Kai


Mjambere
15 Juni 2025

Kai,

Tu wazima na sina salamu nyingi.

Pawa imefungwa. Judy aliuzungusha usukani kwa kidole kimoja, mwanzo hadi mwisho, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Baba alitazama kile kidole kwa muda mrefu, kisha akaenda kuketi uani.

Jumamosi Matthew alijaribu kulitoa. Nimekuchorea hapa chini. Njia yetu inatoka uani moja kwa moja, inafika kwenye ukuta wa Bi Hafswa, inakata kulia kwenda barabarani. Nyuma ukitaka kurudi kuna choo cha jirani, huwezi kurudi zaidi ya hatua mbili. Matthew alikuja polepole, akakata kulia mpaka usukani ukakataa kuendelea, na pua ya basi ikaelekea ukutani. Akarudi nyuma hatua mbili, akajaribu tena. Ukutani. Mara nane. Nafasi inapungua karibu nusu mita. Munga wako alisema kweli, tumeshindwa kwa raha.

Nimekaa nikafikiri. Usukani haukuwa mzito tena. Matthew ana mikono ya kijana. Injini nzima. Na basi ni lile lile lililopita hapo miaka kumi na moja. Basi kilichobadilika ni nini? Ni ukuta. Bi Hafswa aliujenga upya baada ya Baba kuubomoa, na alipoujenga ameusogeza njiani. Nilimwendea nikamwambia. Akaapa, "Wallahi nimeujenga juu ya msingi ule ule, mwanangu, fundi hakuongeza hata kidole." Nikamwambia kuapa si kupima. Alituletea sahani ya Idd, nyama na wali wa nazi, nikamrudishia ilivyo. Judy alilia.

Nimemshtaki kwa chifu. Kikao ni Jumatatu tarehe kumi na nne Julai. Akipatikana amevamia njia, ukuta utabomolewa na basi litatoka. Nisipofanya hivyo, yule wa chuma chakavu atakuja na mitungi yake ya gesi mwisho wa mwezi huo. Baba amesema nisimshtaki jirani, lakini hakusema nifanye nini badala yake.

Tena nimerudia barua zako zote. Unaniandikia tairi, hewa, pawa, pipa la maji. Nilipokuuliza kona umesema huna jibu. Nilipokuuliza mwisho wa usukani umesema kidole kinauma. Wewe ni mtu wa kujibu swali kabla halijaulizwa, tangu utotoni. Una nini?

Nyamvula


Kambini
29 Juni 2025

Dada Nyamvula,

Shikamoo. Shikamoo Baba. Judy, usilie.

Nimepokea barua yako jana na leo sikwenda kanisani, nimekaa nyuma ya stoo ya saruji na daftari. Kidole kimepona. Sina kisingizio.

Bi Hafswa hakuusogeza ukuta. Ondoa mashtaka kwa chifu. Uende kwake kabla hujamaliza kusoma, au umalize usome upesi uende.

Siku ile, mwaka 2017, asubuhi Baba alinituma Chaani nitafute tairi mbili za mbele, za upana wa inchi tisa, kama zile zilizokwisha. Alinipa muda wa saa nne nzima. Mimi nilipitia uwanjani, kulikuwa na mechi, nikatazama mpaka mwisho na dakika za nyongeza. Nilipofika yadi, za inchi tisa zilikuwa zimechukuliwa. Nikachukua za lori, za inchi kumi na moja, pamoja na rimu zake, nikazifunga Baba akiwa amekwenda kula. Alipokuja akaniuliza, "Ni saizi ile ile?" Nikasema ni ile ile, Baba. Akaniamini. Akasema zinaonekana nene, nikamwambia ni kwa sababu ni mpya.

Hilo lingekuwa dogo. Uzito wa usukani ulitoka hapo, na ungekwisha kwa kubadilisha tairi. Lakini kuna kingine.

Nilipozifunga nilijaribu kukata usukani jeki ikiwa bado chini, nikasikia zinasugua springi. Tairi nene, nafasi ndogo. Kama Baba angesikia mlio ule angejua. Sasa nakueleza mwisho wa usukani ni nini. Nyuma ya kila gurudumu la mbele, kwenye ekseli, kuna bolti fupi yenye nati. Gurudumu likikata kona hadi mwisho, linagota kwenye kichwa cha bolti ile, linasimama. Ya kulia inalinda kona ya kulia, ya kushoto inalinda kona ya kushoto. Ukiikaza ikaingia ndani, gurudumu linakata zaidi. Ukiilegeza ikachomoza nje, gurudumu linagota mapema. Mimi nilizilegeza zote mbili mpaka tairi zikaacha kusugua. Nikakaza nati, nikapaka tope juu ili zionekane za zamani. Kazi ya dakika kumi.

Sikujua kwamba nilikuwa nalifupishia basi kona. Nilidhani naondoa mlio tu. Mchana uliobaki tulikuwa kwenye barabara kubwa, barabara kubwa haidai kona. Jioni tukarudi nyumbani. Kuingia ni kushoto. Baba akakata mahali pale pale alipokuwa akikata miaka yote, na gurudumu likagota. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliuona ukuta ukija, nikajua palepale, dada. Sikuambiwa na mtu. Nilijua kabla tofali la kwanza halijaanguka.

Baba alishuka. Hakuangalia tairi. Aliangalia mikono yake, hivi na hivi. Akasema, "Imeniaga." Nami nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikaanza kuokota matofali.

Nilidhani nitamwambia kesho yake. Kesho yake alikuwa ameshatundika funguo msumarini. Kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi, na kwa hilo hakuna pawa. Miezi mitatu baadaye nikapata kazi za barabara. Kila likizo nasema njia mbaya. Mimi ndiye ninayeitengeneza hiyo njia.

Munga ndiye aliyenithibitishia habari ya bolti. Nilimwuliza kama kwa mtu mwingine.

Mwambie Matthew atafute tairi za inchi tisa kwanza, hapo ndipo azirudishe bolti ndani. Akizirudisha tairi pana zikiwepo zitakula springi. Basi litapita.

Ndugu yako,
Kai

Barua hii usimsomee Baba. Mwambie tu Matthew ndiye aliyegundua.


Bofu, Likoni
20 Julai 2025

Kai,

Angalia nilikoandikia, utajua basi limepita. Lakini ngoja nikupe kwa utaratibu.

Wewe unajua barua zako husomwaje. Mimi naketi kwenye ngazi ya mlango wa basi, Baba yuko kitandani kwake, Judy anashona vifungo, na mimi nasoma kwa sauti kuanzia tarehe. Barua yako ilifika Jumatano, nikafanya hivyo hivyo. "Usimsomee Baba" umeliandika mstari wa mwisho kabisa, chini ya jina lako. Ni nani aliyekufundisha kufunga breki nyuma ya gari?

Nilipofika kwenye tairi za inchi kumi na moja nikaikunja karatasi. Baba akasema, "Soma." Nikasoma. Kwenye bolti nikaikunja tena. Akasema, "Mama, soma." Nikasoma mpaka mwisho, pamoja na ule mstari wa chini, kwa sababu nilikuwa nimeshashindwa kusimama.

Alinyoosha mikono akaitazama, mgongo kisha kiganja. Akakunja ngumi, akakunjua. Kisha akasema, "Judy, niletee jeki."

Judy akasema, "Babu, na goti lako?"

"Goti ni goti kweli. Mikono ndiyo iliyosingiziwa."

Mimi nilikwenda kwa Bi Hafswa. Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alikuwa anachambua mchele, hakuniinukia. Nikamwambia nimekosa, ukuta haukusogea, nimemdhulumu, na kwa chifu nitakwenda kesho kufuta. Akaendelea na mchele wake, kisha akasema, "Ukuta hauna miguu, Nyamvula. Kaa uchambue, macho yangu hayaoni vijiwe." Nikakaa nikachambua mpaka sinia ikaisha. Nilipoinuka akasema, "Na sahani za watu hazirudishwi na chakula chake. Kwenu hamkufunzwa?" Nikasema tulifunzwa, nilisahau.

Matthew alizunguka siku mbili akapata tairi za inchi tisa, si mpya lakini nzima. Alitaka yeye aingie chini ya basi. Baba akamkatalia. Alitandika gunia upande wa kulia, akalala chali, akakwangua lile tope lako. Kutu ilikuwa imeishika nati, akaimwagia mafuta ya taa, akangoja, akaimwagia tena. Tulimsikia akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Alifika saba akasema, "Hapa ndipo ilipokuwa." Alijuaje sijui. Alitoka na kutu kwenye nyusi.

Kisha akafanya jambo ambalo Matthew mpaka leo analisimulia. Alimwambia atoe mkanda wa pampu. Matthew akasema, "Mzee, nimefanya kazi wiki saba kuifunga hiyo pawa, na bila mkanda itakuwa nzito kuliko mwanzo." Baba akajibu, "Utaurudisha baadaye. Mara moja tu nataka kujua ni nani aliyekuwa amechoka."

Mkanda ukatolewa. Baba akapanda. Sikuwa nimemwona kwenye kiti kile gari likiwa linatembea kwa miaka minane, na nilikuwa nimesahau kwamba huketi kwa kuegemea mbele kidogo, kama mtu anayetaka kusikia vizuri. Bi Hafswa alisimama kwenye pembe ya ukuta wake, ameuwekea mkono juu, kama anayemshika mtoto asikimbilie barabarani. Basi likaja mwendo wa kobe. Akaanza kukata. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamtiririka mpaka kwenye ndevu, lakini mikono ilikwenda, mmoja juu ya mwingine, haikusimama. Pua ya basi ikapita mbele ya ukuta. Nilipima baadaye kwa alama ya tairi, ilibaki shubiri moja na vidole viwili. Mzunguko mmoja, bila kurudi nyuma.

Alipofika barabarani akazima injini akabaki amekaa. Bi Hafswa akamwendea dirishani akamwambia, "Mzee Mramba, miaka minane umenipitia kwa miguu kama mgeni. Hujambo?" Akasema, "Sasa sijambo."

Leseni yake imekwisha muda, kwa hiyo Matthew ndiye aliyeleta basi hadi Bofu, mkanda ukiwa umerudishwa. Baba alikaa kando yake kama utingo. Kivukoni alishuka akawa anampigia ubavu wa basi, njoo, njoo, njoo, mpaka yule wa feri akamwuliza kama ameajiriwa. Wiki ijayo anakwenda kuulizia leseni. Maji anajichotea.

Sasa nikuambie lililobaki. Njia ya kuingia kwa Shangazi Dhahabu ni kona ya kushoto. Tulipofika, Matthew akachukua spana akajilaza chini kushughulikia bolti ya kushoto. Baba akaishika ile spana akaichukua mkononi mwake. Akasema, "Hiyo usiiguse. Ya kulia nilikuwa na haraka nayo. Ya kushoto ndiyo iliyobomoa ukuta, na ina mwenyewe."

Kwa hiyo basi liko nje, kwenye uwanja wa kanisa, na mchungaji ametupa mpaka mwisho wa Agosti. Nashona nikitazama madhabahu kupitia mlango wa kanisa. Gari letu kwa sasa linajua kona ya kulia tu.

Nilimwuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwambie hesabu yangu ni saba. Kama nimekosea anajua yeye."

Nyamvula


Kambini
3 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kushonea kanisani. Judy nitamsalimu kwa mdomo. Bi Hafswa pia, nikipewa mlango.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna bolti. Akanitazama, akatia sahihi.

Lori la saruji linashuka Alhamisi, Munga ameniombea nafasi mbele.

Hii msomee Baba, yote.

Baba, ya kulia ni saba. Hukukosea hata robo. Ya kushoto nilizungusha nane, kwa sababu upande ule ulisugua zaidi. Spana ni ile ya ishirini na mbili. Naomba uiweke karibu na mlango, na gunia.

Kai